Seva ya Katikati: Mafunzo Niliyopata Nikipitisha Mafaili Dodoma

TANU iliamua mwaka 1973 kwamba makao makuu yahamie Dodoma, lakini wizara zilianza kufungasha kweli kweli mwaka 2016. Leo maofisi yamejaa Mtumba, kwenye Mji wa Serikali, ila mafaili mengi tunayoyatumia hayalali huku. Mengine yako kwenye vituo vya data Dar es Salaam, mengine kwenye wingu la kampuni za nje. Afisa mipango wa Chemba anabonyeza "Pakua", ombi lake linafika kwenye seva yako, seva yako inaenda kubisha hodi kwenye hifadhi ya mbali, na baiti zinaanza safari ya kurudi. Wewe uko katikati.

Nimekaa hapo katikati muda mrefu, nikiandika mifumo ya kugawa ramani zilizoskaniwa, takwimu, hotuba na video za mafunzo. Nikiyapanga makosa yangu yote naona yametoka tumbo moja: nilisahau kwamba seva ya katikati ni mpitishaji. Nikaigeuza ghala, nikaigeuza msemaji, na safari nyingine nikaigeuza kizuizi. Najua wewe hujengi mfumo wa ofisi moja, unataka nchi nzima iutumie. Basi yasome haya mapema, maana nchi nzima ikishaanza kukupigia simu hutapata nafasi ya kusoma.

1. Usibebe faili zima

Mfumo wangu wa kwanza niliuandika kwa PHP, na mimi mwenyewe niliuona mzuri kupita kiasi. Mstari mmoja ulileta faili kutoka hifadhi ya mbali, mstari wa pili ulimpa mtumiaji. Niliujaribu kwa barua ya kurasa mbili, ikashuka kabla sijaondoa kidole. Nikaukabidhi.

Ukaja msimu wa Bunge la bajeti, mji umefurika, kila ofisi inadai nyaraka zake papo hapo. Mtu akaomba ramani ya megabaiti 300. PHP kwa kawaida huruhusu kila ombi megabaiti 128 za RAM, na mstari wangu mzuri ulikuwa ukilimeza faili zima kabla ya kutoa hata baiti moja. Akapata ukurasa mweupe. Nikapandisha kikomo hadi gigabaiti moja, nikaagiza chai nikijipongeza. Kabla chai haijapoa watu kadhaa wakaomba ramani zao kwa pamoja, na seva yote ikalala.

Nenda kwenye soko la mahindi la Kibaigwa uwatazame makuli. Hakuna anayejitwisha lori zima. Anachukua gunia moja, anatua, anarudi. Seva nayo isome kipande cha kilobaiti 64, ikitume, ikisahau, isome kingine. Watu 100 wakipakua kwa wakati mmoja, vipande vyao vyote ni kama megabaiti 6.4. Kwa mtindo wangu wa mwanzo watu haohao wangehitaji gigabaiti 30. Lugha zote za kazi yetu zina njia ya kufanya hivyo: PHP ina fpassthru, Python ukitumia requests unaweka stream=True, Node.js ina pipeline.

Kilichonishangaza ni kwamba baada ya hapo ukubwa wa faili uliacha kunihusu. Seva iliyoshindwa na megabaiti 300 ilipitisha video za gigabaiti nne bila kuhema.

2. Mwendo unaamuliwa na aliye mwisho

Nilipohamia Node.js nilijiona nimeshakua. Nasoma kipande, naandika kipande, nani wa kunifundisha? Hata hivyo, kila ikifika alasiri RAM ilikuwa inapanda mpaka programu inajizima.

Kati ya seva yetu na hifadhi kulikuwa na Mkongo wa Taifa. Kati ya seva yetu na mtumiaji kulikuwa na simu ya mtu aliyeko Kondoa, mtandao unasoma vijiti viwili. Vipande viliingia kwa kasi ya mkongo na kutoka kwa kasi ya simu, na vilivyokuwa vikisubiri zamu vilisubiri ndani ya RAM yangu. Nilikuwa nimerudi kwenye kosa la kwanza kwa mlango wa nyuma.

Node.js yenyewe ilikuwa ikinionya. Kila ukiandika kipande inakujibu kama uendelee au ungoje, na mimi jibu hilo sikuwahi kulisoma. Ukitumia pipeline, kusubiri huko kunafanyika kwenyewe: mtumiaji akiwa mzito seva inaacha kusoma, na itifaki ya TCP inafikisha ujumbe hadi kwenye hifadhi ya mbali kwamba nayo ipunguze mwendo.

Pipeline ilinitibu na ugonjwa wa pili ambao sikujua ninao. Mtu akichoka kungoja na kufunga ukurasa, msimbo wangu wa zamani uliendelea kuvuta faili hadi mwisho na kuzimwaga baiti pasipo na mtu. Huduma za wingu hutoza data inayotoka, kwa hiyo tulikuwa tunalipia upakuaji wa watu walioshaenda nyumbani. Mtumiaji akiondoka, kata na upande wa pili.

3. Hauko peke yako katikati

Diski ya seva ilijaa. Sikuelewa, kwa sababu msimbo wangu haukuwa ukiandika chochote kwenye diski, na nililisema hilo kwa sauti kubwa mbele ya watu. Kijana wa mifumo akaniacha nimalize, kisha akafungua folda ya muda ya Nginx.

Nginx ilikuwa imekaa mbele ya programu yangu, kama inavyokaa mbele ya programu nyingi. Kwa mipangilio yake ya kawaida hupokea jibu kutoka kwenye programu haraka iwezekanavyo na kulihifadhi, halafu humgawia mtumiaji kwa mwendo wake. Jibu likizidi nafasi ya RAM iliyotengwa humwaga ziada kwenye faili la muda, hadi megabaiti 1,024 kwa kila jibu. Nilihangaika kutiririsha upande wangu, na mwenzangu wa mbele akawa anakinga kila kitu.

Nginx haina hatia. Kwa kurasa ndogo tabia hiyo ni baraka, kwani programu inamaliza haraka na kuhudumia mwingine. Kwa mafaili makubwa, zima proxy_buffering kwenye njia ya upakuaji peke yake, au programu ipeleke kichwa cha X-Accel-Buffering chenye neno no. Ujue kwamba hapo programu yako ndiyo itakayomngoja mtu wa Kondoa hadi amalize, kwa hiyo hesabu mapema ni wangapi inaweza kuwangoja kwa pamoja. Angalia na muda wa kusubiri: sekunde 60 za proxy_read_timeout hazihesabu upakuaji wote. Zinahesabu ukimya kati ya usomaji mmoja na unaofuata. Niliwahi kuzipandisha hadi saa nzima kwa kutolijua hilo.

Kabla ya kutetea msimbo wako, andika kwenye karatasi kila kinachosimama kati ya hifadhi na kivinjari. Karatasi yangu ilikuwa ndefu kuliko nilivyodhani.

4. Ukishasema 200 umekula kiapo

Mama mmoja wa ofisi ya halmashauri alinipigia simu kutoka Bahi.

"Mwanangu, hii ramani yako ina kaskazini tu. Kusini mmekula?"

"Shikamoo mama. Labda simu yako, mama, hebu pakua tena."

"Marahaba. Nimepakua tena na kompyuta ya bosi. Kusini ni kijivu."

Ilikuwa picha ya JPEG, na JPEG iliyokatika huonyesha sehemu ya juu na kuacha chini kijivu. Kivinjari chake kiliandika kwamba upakuaji umekamilika. Kiliandika hivyo kwa sababu seva yangu ilikiambia hivyo.

Mambo yalikwenda hivi. Seva yangu ilikuwa ikitoa jibu la 200, yaani mambo safi, kabla haijasikia hifadhi ya mbali imesemaje. Hifadhi ilipokatika katikati, msimbo wangu uliishika hitilafu kwa adabu, ukafunga jibu vizuri na kuaga. Kwa kuwa sikuwa nimepeleka Content-Length, kivinjari hakikuwa na namna ya kujua kwamba nusu imebaki. Kwa mafaili mengine ilikuwa aibu zaidi: hifadhi ilipokataa ombi, maandishi yake ya kukataa yalihifadhiwa kwa watu kama faili la zip.

Tangu hapo nafuata mpangilio mmoja. Nasubiri jibu la hifadhi kwanza. Ikisema 404 nasema 404, ikishindwa nasema 502, na ikikubali ndipo nami nakubali, nikitaja urefu kamili. Mkondo ukikatika njiani, naukata na muunganisho wa mtumiaji kwa ghafla, bila adabu yoyote, ili kivinjari kipige kelele. Hapo ndipo mahali pekee ninapomfundisha kijana kuwa mkorofi.

Tahadhari moja: usinakili vichwa vya hifadhi kwa macho yaliyofumba. Maktaba nyingi hufungua zenyewe faili lililokuja limebanwa kwa gzip. Ukipitisha urefu wa lililobanwa huku ukituma baiti za lililofunguliwa, umetaja hesabu ambayo mzigo hauna.

5. Majina ya vijiji vyetu yatakuumbua

Mafaili ya kata nyingi yalishuka bila shida, machache yakaangusha ombi zima. Nilikagua ukubwa, ruhusa na tarehe, nisione kitu. Aliyegundua ni mhudumu wa masjala, si mtaalamu wa mtandao: "Mbona yanayogoma yote ni ya Ng'?"

Ng'hong'onha, jirani na Chuo Kikuu cha Dodoma. Ng'hambi ya Mpwapwa. Waliochapa majina hayo waliyachapa kwenye Word, na Word hugeuza ile alama iliyonyooka kuwa iliyopinda. Alama iliyopinda haimo katika herufi ambazo vichwa vya HTTP hupokea, na Node.js inapoiona kwenye Content-Disposition, kichwa kinachobeba jina la faili, hukataa jibu lote. Mimi niliyezaliwa huku niliandika mfumo unaokubali London na kuigomea Ng'hong'onha.

Dawa imeandikwa tangu mwaka 2011 katika waraka wa RFC 6266. Peleka majina mawili: moja jepesi lisilo na alama, kwa vivinjari vya zamani, na la pili kwa mtindo wa filename*=UTF-8'' ambapo alama iliyopinda huandikwa %E2%80%99. Maktaba nzuri itakufanyia hivyo. Na usilichukue jina jinsi mtumiaji alivyolipakia ukalibandika moja kwa moja kwenye kichwa, maana alama ya kufunga nukuu nayo ni herufi, na mjanja anajua pa kuiweka.

6. Mwache aendelee alipoishia

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na SEACOM ilipata hitilafu, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia zaidi. Intaneti ilikuja na kuondoka. Mafaili yetu yalikuwa kwenye wingu la nje, na kila muunganisho ulipokatika watumiaji walianza upya kutoka sifuri. Mtu aliyefika megabaiti 380 kati ya 400 alirudishwa mwanzo, kwa bando alilolinunua mwenyewe.

Nikaanza kubuni mfumo wa kugawa mafaili vipande vipande, na nilishachora michoro ya kujivunia. Halafu nikasoma nyaraka za ile hifadhi tuliyokuwa tukiitumia. Ilikuwa inaruhusu kuendelea tangu siku ya kwanza. Vivinjari vilikuwa vinaomba kuendelea. Aliyekuwa akilitupa ombi hilo njiani ni seva yangu.

Utaratibu wenyewe ni mkongwe. Umo kwenye HTTP/1.1 tangu waraka wake wa mwaka 1997. Mtumiaji anatuma kichwa cha Range kinachotaja baiti anazozitaka. Kipitishe kilivyo. Hifadhi itajibu 206 pamoja na Content-Range. Rudisha vyote viwili, na usiibadili 206 kuwa 200. Pitisha pia ETag na If-Range, ambazo humlinda mtu asiunganishe nusu ya ramani ya zamani na nusu ya mpya iliyopakiwa asubuhi. Kazi niliyoipangia miezi iliisha kwa mistari michache, na mingi kati yake ilikuwa ya kufuta nilichoandika.

7. Pokea namba, usipokee anwani

Kwa kutaka wepesi, nilitengeneza kiungo ambacho mtu anakipa anwani ya faili na seva inakwenda kulichukua popote lilipo. Niliona nimefanya ubunifu. Kijana aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya vitendo akaniuliza kwa heshima, "Mzee, naruhusiwa kuweka anwani yoyote?" Nikamwambia yoyote. Akaweka anwani ya seva yenyewe, na kwenye skrini ukaja ukurasa wa usimamizi ambao hakuna mtu wa nje aliyepaswa kuuona. Aliniomba radhi. Mimi ndiye niliyepaswa kuomba.

Mwaka 2019 benki ya Capital One ya Marekani ilipoteza taarifa za watu zaidi ya milioni 100 kupitia udhaifu wa ukoo huohuo: seva iliyo ndani ilikubali kutumwa na mtu wa nje, ikaenda kumchukulia funguo za wingu. Seva yako ina ruhusa ambazo mgeni hana, na ikikubali kutumwa popote, ruhusa hizo zinakuwa za mgeni.

Mtumiaji atoe namba ya faili. Seva iangalie kwenye hifadhidata kama namba hiyo ipo na kama mtu huyu anaruhusiwa, kisha iijenge anwani yenyewe.

8. Ukiweza kuondoka katikati, ondoka

Msimbo niliojivunia kuliko wote niliufuta. Tulikuwa na video za mafunzo zilizo wazi kwa yeyote, zimehifadhiwa kwenye wingu, na seva yangu ikizipitisha kwa ustadi niliousimulia hapo juu. Mwenzangu akauliza kwa nini zipite kwetu. Nilifungua mdomo, sikupata jibu.

Hifadhi kama Amazon S3 hutoa kiungo kilichotiwa saini, chenye muda wake wa kufa, usiozidi siku 7. Seva inamkagua mtu, inampa kiungo cha dakika chache, na baiti zinakwenda kwake moja kwa moja. Ikiwa lazima zipite kwako, X-Accel-Redirect inairuhusu programu kukagua tu na kuiachia Nginx kazi ya kubeba.

Hata hivyo kuna nyakati za kubaki. Hifadhi ikiwa kwenye mtandao wa ndani, mtumiaji hawezi kuifikia bila wewe. Na kiungo chenye saini hakimjui mwenyewe: kikitumwa kwenye kundi la WhatsApp, kila mwanakundi ameingia hadi muda uishe. Kwa video ya mafunzo hilo si neno. Kwa orodha ya wanufaika yenye majina na namba za simu, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inakutaka uzilinde taarifa hizo, na huwezi kuzilinda usipojua nani amepata nini. Hapo baki katikati, ukague kila ombi, uandike kwenye logi.

9. Jaribu kwa mtandao wa mtu wa mwisho

Makosa mengi niliyoyataja yalipita majaribio yangu kwa sababu nilijaribu faili dogo, kwa waya wa ofisini, nikiwa peke yangu. Siku hizi siamini neno "inafanya kazi" mpaka nione haya.

Chukua faili kubwa kuliko RAM ya seva. Lipakue kwa curl ukiiwekea --limit-rate 50k, yaani kilobaiti 50 kwa sekunde, na ufungue madirisha mengi kwa pamoja huku ukitazama RAM na diski, zote zitulie. Kata upakuaji mmoja katikati uone kama upande wa hifadhi nao umekatika. Uendeleze kwa curl -C - na uhakikishe jibu ni 206. Izime hifadhi faili likiwa njiani uone kama mtumiaji anaambiwa ukweli.

Mwisho kabisa, piga sha256sum kwa faili lililoko hifadhini na kwa lile lililofika kwenye simu. Zikitofautiana hata herufi moja, kuna mahali seva yako imeongeza au imepunguza kitu, na hakuna aliyeituma kufanya hivyo.